Michoro Yote Kasha Moja

Dar es Salaam,
12 Julai 1971

Dada yangu Mwamvua,

Shikamoo. Huku Kariakoo mimi, Mwatum na watoto hatujambo, ila Mwatum anakulaumu: achari yako ya maembe imewafanya watoto waukatae mchuzi wake.

Uliniuliza kazi yangu mpya ni kazi gani, maana majirani wanakuuliza nawe unakosa jibu. Ofisini kwetu imeletwa mashine ya kuhesabu, inaitwa kompyuta. Ni kama makabati yaliyopangwa ukutani, na inakaa katika chumba chenye ubaridi ambao sisi wafanyakazi wake hatujapewa. Huwezi kuiambia kitu kwa mdomo. Inataka maagizo, nayo yanatobolewa kwenye kadi, tundu tundu. Maagizo hayo yanaitwa programu. Bila programu, kabati ni kabati.

Mkuu wetu ameniagiza niandike maoni, tufunge mkataba wa hizo programu au tusifunge. Nami, dada, raha imeniruka. Waliotuuzia mashine ndio wanaotuuzia na programu. Zamani walikuwapo watu wengine wakiziandika, mmoja huku, mmoja kule, lakini kampuni hii inawanunua mmoja mmoja. Nachelea ipo siku programu zote za dunia zitakuwa mkononi mwa mtu mmoja, na siku akitununia tutabaki na makabati yetu.

Najua haya ya mashine yanachosha. Bora nikueleze kwa mfano wa kazi yako. Chukulia, yaani tuseme tu, kwamba

(Geuza)

kampuni moja ya Ulaya imeazimia kushika michoro yote ya kofia. Inapita nyumba kwa nyumba kwa maneno matamu, inakusanya. Mwishowe mshonaji sindano ni yake, uzi wake, kitambaa chake cha bafta, macho yake, lakini hana cha kushona mpaka kampuni imchoree. Leo inamchorea kwa tabasamu. Kesho inampa masharti. Keshokutwa inamwambia kofia zote zipitie kwangu. Na hana pa kukimbilia, kwa sababu mchoro wa mama yake ameutoa kwa mkono wake mwenyewe. Hilo ndilo linalonikosesha raha.

Niombee dua. Nisalimie Bi Kidawa.

Mdogo wako,
Muhiddin Silima


Mkunazini, Unguja,
24 Julai 1971

Mdogo wangu Muhiddin,

Marahaba, na Mwenyezi Mungu akukinge na hao watu.

Barua yako nimeisoma baada ya swala ya alasiri. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa makabati, sikuufuata vyema, nikasema huu ntausoma siku nikitulia. Nikageuza. Nikafuta miwani nikasoma tena, na maneno ni yale yale: kampuni moja ya Ulaya, nyumba kwa nyumba, michoro yote ya kofia.

Weye unajua kwamba kofia ndizo zilizonilelea wanangu tangu baba yao alipofariki. Na mchoro wa mama unaujua, ule wa viua vya mlangilangi vinavyofukuzana duara zima bila kukutana. Hakuna mwengine aliye nao. Nikiweka karatasi yake juu ya bafta, nikapitisha vumbi la mkaa kwenye vitundu alivyovitoboa kwa sindano yake, huwa kama kakaa ubavuni mwangu ananambia taratibu, usisugue kwa nguvu. Karatasi ile ikenda, mie nnashona nini?

Basi sikunyamaza, maana kuijua khatari ya jirani ukakaa kimya ni dhambi. Nilikwenda kwa Bi Kidawa nikamsomea ule ukurasa wa pili. Bi Kidawa unamjua, habari kwake hailali. Kabla ya magharibi wanawake washajaa uani kwangu, kila mmoja na mchoro wa kwao ndani ya buibui kama kaiba kuku. Maana kila nyumba ya washonaji ina mchoro wa kurithi, na asiye nao huchorewa na Mzee Usi, yule wa kichochoro cha nyuma. Tukaona tumuulize yeye, ni mtu wa msikitini na penseli ndiyo kazi yake.

Mzee Usi alisikiliza, akashika ndevu, akasema kampuni kama hizo huanza na nyumba za wajane. Ana kasha la msaji lenye kufuli la zamani. Akasema tuweke michoro yetu humo mpaka khatari ipite, asitake hata ahsante. Tulimuombea dua pale pale. Mie nilikuwa wa mwanzo kutoa, ili wengine waige.

Kaa macho. Wakikuuliza dada yako anakaa wapi, waambie shamba, Kizimbani huko.

Dada yako mwenye khofu,
Mwamvua


Dar es Salaam,
4 Agosti 1971

Dada yangu,

Shikamoo. Tafadhali kaa kitako kabla hujaendelea.

Ulikuwa mfano. Hakuna kampuni inayotaka michoro ya kofia. Inayotaka ni programu, zile tundu za kwenye kadi, za makabati. Yote yamo katika ukurasa wa kwanza, ambao nakuomba kwa heshima zote uusome. Niliandika "chukulia, tuseme tu", ndipo karatasi ikaniishia.

Nimewasomea barua yako wenzangu ofisini, wamecheka mpaka mmoja akatoka nje. Lakini mimi sikucheka nilipofika kwenye kasha la Mzee Usi. Nenda leo hii ukachukue mchoro wa mama. Na wanawake wote waambie wakachukue ya kwao.

Mdogo wako,
Muhiddin


Mkunazini,
15 Agosti 1971

Muhiddin mdogo wangu,

Ukurasa wa kwanza nimeusoma, na nimeona haya kiasi cha kwamba siku ile nilipita njia ya Vuga kwenda sokoni nisikutane na mtu. Lakini sikiliza yaliyonipata.

Niliwakusanya wanawake uani nikawaeleza kwamba ulikuwa mfano. Walinisikiliza vizuri. Kisha Bi Kidawa akaweka sindano chini akasema, "Masikini Muhiddin. Washamnunua." Mwezi uliopita aliandika kwa uchungu, akasema, na mwezi huu anaandika kwa kicheko, hebu nambieni nani katikati hapa kampa nini. Wote wakatikisa vichwa. Kila nikikutetea wakanihurumia zaidi, mpaka mmoja akaniletea bakuli la uji.

Nikenda peke yangu kwa Mzee Usi. Nilimwambia baba, khatari haipo, naomba karatasi ya mama. Alinikaribisha kwa upole kabisa. "Mwanangu," akanambia, "khatari ikisema haipo, ndiyo imefika." Karatasi hakunipa. Lakini, akasema, nisisikitike, yeye mwenyewe atanichorea ule mchoro wa mama kwenye bafta, kila nikitaka, ndiyo kazi yake. Ila kwa usalama kofia zikishakuwa tayari nimpelekee yeye, nisiwape wanunuzi wangu, maana mnunuzi humjui katumwa na nani, na kaniapisha kwamba bafta aliyoichora yeye sitainakili.

Nilitoka pale na bafta mkononi imechorwa vizuri, viua vya mama vyote vimo, na moyo wangu umekufa. Nilifika nyumbani ndipo nikakumbuka maneno ya ukurasa wako wa pili, moja baada ya jengine. Tulifunga mlango wa mbele, Muhiddin, na aliyekuwa na haja na michoro yumo ndani.

Sasa nifanyie kitu kimoja. Ile kofia niliyokushonea siku ya harusi yako ni ya mchoro wa mama. Nitumie. Nikiifumua maungio nikaitandaza, nikaweka karatasi juu na kusugua mkaa, vitundu vitajitokeza na mchoro ntakuwa nao tena. Nyengine nilizoshona zishakwenda Ngazija na Pemba, na moja iko kichwani mwa Imamu wetu, na mie siwezi kumvua Imamu kofia. Ramadhani inakuja, na kofia za Idd ndizo zinazonilisha nusu mwaka. Nnakungoja.

Dada yako,
Mwamvua


Dar es Salaam,
27 Agosti 1971

Dada yangu,

Shikamoo. Habari ya Mzee Usi imenisikitisha. Kofia ipo, usiwe na wasiwasi. Kwa sasa iko kwa dobi. Dobi wetu ni mtu wa taratibu. Ikitoka tu nitaituma.

Watoto wanakusalimu. Mvua huku imenyesha sana, na bei ya nazi imeshuka.

Mdogo wako,
Muhiddin


Mkunazini,
10 Septemba 1971

Muhiddin,

Mtu akiulizwa kofia akajibu nazi, dada yake aliyemlea anajua kuna jambo.

Amekuja Abdulla, mpwa wake Bi Kidawa, kutoka huko Dar. Akaketi barazani akaanza kusifia mji, majumba na magari, kisha akasema kaona ajabu: Mzungu mnene katoka katika ofisi ya kina Muhiddin amevaa kofia ya viua vya mlangilangi, imemuishia utosini kama kifuniko cha birika. Nilimuuliza viua vinakutana au vinafukuzana. Akasema vinafukuzana.

Nilinyanyuka nikenda kutia udhu. Lakini Bi Kidawa aliniangalia, na sasa Mkunazini nzima wanajua kwamba kampuni imeupata mchoro wa mwanzo, na kwamba ni wangu.

Huku mambo yamekaza. Mzee Usi hataki tena mtu ashone kwa uzi wa duka jengine, kasema uzi autoe yeye. Kwangu kanambia nibadilishe rangi ya viua, njano haiuziki. Mama angemkumbusha kwamba njano ndiyo rangi ya mlangilangi. Mie nilijibu naam, nikarudi nyumbani nikalia. Na nshaanza kusikia wenzangu wakinung'unika kwamba aliyetupeleka kwenye kasha ni Mwamvua. Kweli, ni mie.

Nambie dobi wako anaitwa nani.

Mwamvua


Dar es Salaam,
20 Septemba 1971

Dada yangu,

Shikamoo, kama utaitikia.

Hakuna dobi. Yule Mzungu ni wakala wa kampuni ya mashine. Alikuja ofisini siku ya mkutano, akaisifu kofia yangu mbele ya mkuu, akaisifu tena na tena, mpaka mkuu akanitazama kwa jicho lile unalolijua. Kwetu mgeni akisifu kitu mara tatu, mwenye nacho hufanyaje? Nikaivua nikampa. Nilidhani ataiweka mezani. Akaivaa.

Barua yako ilipofika nilikwenda hotelini kwake kuiomba. Nimekuta amesafiri kwenda kwao likizo, na kofia kichwani. Mpishi wa hoteli kamuona akipanda gari nayo.

Kwa hiyo, dada, mfano wangu umekuwa kweli. Kampuni moja ya Ulaya imeondoka na mchoro wa mama, na mimi ndiye niliyeutoa kwa mkono wangu mwenyewe. Maoni ya mkataba bado sijayaandika. Nimekuwa nikiwaogopesha wenzangu na kampuni, na sikuweza kuinyima kofia.

Nisamehe.
Muhiddin


Mkunazini,
8 Oktoba 1971

Mdogo wangu Muhiddin,

Marahaba. Nilianza na hasira, nikafika pale alipoivaa, nikakumbuka kifuniko cha birika, nikacheka peke yangu mpaka paka akatoka chumbani. Nshakusamehe. Mie nilitoa karatasi yenyewe, weye ulitoa kofia tu.

Nilipoona kwako hapana tena, nilivaa buibui nikenda kwa Bi Shemsa, mke wa Imamu. Nilimueleza yote tangu ukurasa wa pili. Naye akaingia ndani, nikasikia wananong'ona, kisha Imamu mwenyewe akatoka na kofia mkononi na kichwa kitupu, na mie macho nayatupa chini. Aliniuliza nna hakika ntamrejeshea. Nikamwambia inshaallah, lakini lazima niifumue kwanza, kisha niishone upya, na mshono wa mkono hauendi mbio. Akafikiri. Akasema, "Kofia si nguzo ya swala. Chukua."

Siku ile ile nilikaa na Bi Kidawa nyumbani, mlango tumerejesha. Nikaifumua, nikatandaza, nikaweka karatasi, nikasugua. Viua vikaanza kutoka kimoja kimoja, weusi juu ya weupe, vinafukuzana. Bi Kidawa machozi yalimlenga, na unajua si mtu wa machozi. Kisha akasogea sikioni mwangu. Kanambia funga mlango kwa komeo, usimuonyeshe mtu. Wote wale wamekusema. Sasa nje ya kasha la Mzee Usi mchoro ni huu tu, na Idd inakuja. Watakuja kwako kwa magoti.

Sikufichi, maneno yale yaliniingia vizuri sana. Niliyaona magoti. Niliziona hata sura za waliopiga magoti, moja moja. Nikaona bora niswali kwanza, na katika sijda likanijia wazo: Mzee Usi naye hakuzaliwa na kasha. Alianza siku moja na mchoro mmoja na mlango umerejeshwa.

Nikatoka nikafungua mlango. Nikawaita wote, nikawaambia hii hapa, kila mtu atoboe yake. Waliona haya kwanza. Kisha mmoja akasema mume wake ana kofia ya mchoro wa bibi yake, mwengine akasema na wangu, na hapo, Muhiddin, ndipo ilipoanza balaa ya wanaume wa Mkunazini. Kila mwanamke alikwenda kwake akamvua mumewe. Muuza kahawa alivuliwa akiwa anamimina. Mume wa Bi Kidawa kenda kazini Kizimbani kajifunga taulo. Ukipita barazani jioni utawakuta wamekaa vichwa wazi kama makuku yalonyonyolewa, wanaangaliana, hakuna anayemcheka mwenzake. Ijumaa Imamu kaswalisha na kilemba, na nyuma yake, wananambia, yalikuwa mavilemba ya kila namna, mengine ya kanga.

Uani kwangu michoro imetandazwa kama nguo za kuanika. Aliye na wa kwao anautoa, anachukua wa mwenzake. Mie sasa nna michoro mingi kuliko niliyowahi kuiona maishani, na wa mama unao kila mtu. Nilidhani litaniuma. Liliniuma kidogo, usiku wa mwanzo.

Kilichobaki ni Mzee Usi, na karatasi zetu ziko kwake bado.

Dada yako,
Mwamvua


Dar es Salaam,
9 Novemba 1971

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, na Ramadhani karim. Barua yako ya Oktoba naitembeza mfukoni mpaka imechakaa mikunjo.

Maoni nimeyaandika. Sikuandika kwamba tuikatae kampuni, kwa sababu mashine tunayo na hesabu za watu zinangoja. Nimeandika kwamba tusifunge mkataba wowote mpaka wakubali kuwafundisha vijana wetu kuziandika programu wenyewe, na kila tutakayoiandika tuwape bure ofisi nyengine zenye mashine kama yetu. Mkuu aliniuliza wazo hili nimelitoa kitabu gani. Nikamjibu nimelitoa Mkunazini. Akaandika Mkunazini pembeni ya karatasi, nadhani anakusudia kukitafuta.

Wakala amerudi kutoka likizo. Sharti la kufundisha limemkunja uso, lakini hajakataa, anasema atauliza kwao. Kofia ameirudisha mwenyewe, imefuliwa kwa sabuni kali lakini iko salama. Anasema kila aliyemuona nayo huko kwao alimuuliza kainunua wapi. Sasa anataka kujua mchoro ule ni mali ya nani, aende akaombe ruhusa autengenezeshe kiwandani. Alikuwa na kalamu mkononi akingoja jina. Sikujua nimtajie nani. Mama amefariki, wewe umeugawa, Imamu anauvaa. Nimwambieje?

Mdogo wako,
Muhiddin


Mkunazini,
23 Novemba 1971

Mdogo wangu Muhiddin,

Marahaba, na Idd mubarak kwako na kwa Mwatum na watoto.

Kofia za Idd tumezishona, na wanunuzi wangu wamerudi. Lakini usidhani zote zilikuwa nzuri. Mchoro wa kunakili tuliuweza, tatizo lilikuja tulipotaka kuchora mpya wetu wenyewe. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kushika penseli, tumezoea kuweka karatasi ya bibi na kusugua. Maduara yetu yalitoka kama viazi. Bi Kidawa alichora kofia ya kumfaa mtu mwenye vichwa viwili, na akaishona hivyo hivyo kwa ubishi.

Mzee Usi muda wote huo hakuwa na mteja. Akitoka msikitini anapita mlangoni kwetu taratibu, macho mbele. Siku moja katika kumi la mwisho la Ramadhani, baada ya alasiri, mlango ulikuwa wazi, nasi tumekaa juu ya bafta tunabishana. Akapita. Akasimama. Akarudi hatua. Tulijua amekuja kwa ugomvi.

"Bi Mwamvua," akasema, "duara hilo limepinda."

Nikamwambia najua baba, lakini limepinda letu.

Hakuondoka pale mlangoni, na nilimuona anaumwa, Muhiddin. Hakuumwa na sie, aliumwa na lile duara. Mtu aliyechora umri wake wote hawezi kuliona jambo kama lile akenda zake kufuturu. Mie nilikuwa na maneno mengi niliyomuwekea, na saumu ndiyo iliyonizuia, kisha maneno yenyewe yakapungua. Nikanyanyua penseli nikamnyooshea. Akavua viatu, akaingia, akakaa juu ya mkeka, akaikunja ile bafta mara mbili na mara mbili tena, akatuonyesha katikati iko wapi. Alifundisha mpaka adhana ya magharibi. Bi Kidawa ndiye aliyempa tende.

Kesho yake alikuja na karatasi zetu zote, akampa kila mmoja ya kwake. Ya mama aliibeba kwa mikono miwili. Nilikuwa nshakuwa nazo nakala, lakini kile kitundu kimoja ambacho mama alikosea, akakiziba kwa unga wa ngano, hakimo katika nakala yoyote. Nilikibusu. Mzee Usi anakuja kila siku sasa baada ya alasiri, na masharti yake yamebaki moja tu, penseli zichongwe kabla hajafika.

Sasa yule wakala. Mwambie hapa hapana wa kumuomba ruhusa, na hapana wa kumnyima. Achukue, atengeneze, avae, na kwao wavae, mama yetu atapata thawabu. Ikiwa anataka iliyoshonwa kwa mkono, aniletee kipimo cha kichwa chake, maana ile ya harusi haikuwa yake na ilimtia aibu. Lakini ikiwa anataka jina ili auandikishe uwe wa kampuni peke yake, mwengine asishone, mwambie kwa adabu kwamba kachelewa. Mchoro uko Mkunazini nzima, uko Vuga, na juzi nimeuona kichwani mwa mtu Mangapwani nisiyemjua kabisa. Akiufungia kashani, atakuwa kajifungia mwenyewe, sie tuko nje tunashona.

Dada yako,
Mwamvua binti Silima